Jina Nililopigia Chafya

Bwenini, Bomet
Jumapili, 16 Februari 2025

Kwa Senge Bilhah,

Chamgei, Senge, shangazi yangu. Habari ya Fort Ternan na joto lake? Huku baridi imetushika mpaka tunalala na soksi. Mimi sijambo, kile kikohozi cha Januari kimeniacha. Baba alipita wiki jana kuniletea blanketi, akasema yule ng'ombe mwekundu amezaa, dume tena, na kwamba Kogo, bibi yangu, siku hizi anatembea na fimbo tangu aanguke kwenye ngazi za jikoni. Kogo mwenyewe anasema ni mguu tu. Si unamjua mama yako, hata akikatwa kichwa atasema ni shingo tu.

Senge, nina jambo. Wewe unajua mimi si mtu wa kuongea. Darasani mkono wangu hupanda ukafika begani ukarudi. Kwa karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Madam Moureen, mwalimu wetu wa Kiswahili, amefungua klabu ya uandishi. Ametuagiza kila mtu aandike hadithi ya kisayansi, ya mtu anayesafiri katika wakati, itoke kwenye jarida la shule mwezi wa kumi. Tabby, tunayelala naye kitanda cha juu na chini, akauliza, "Madam, kwani kwa Kiswahili mashine itawaka kweli?" Madam akamwambia, "Itawaka, lakini wewe ndiye utaisukuma."

Kwenye kabati la maktaba kuna vitabu vya namna hiyo, vya Kiingereza, vingi havina jalada. Nimevisoma vyote. Kila mwandishi ana sheria zake. Wengine humruhusu msafiri abadilishe ya jana, halafu kila kitu kinaharibika. Wengine humruhusu kutazama tu, kama mtu aliye nyuma ya kioo. Lakini karibu wote wanakubaliana juu ya moja: msafiri asikutane na nafsi yake. Wakikutana, mmoja lazima atoweke. Sheria hiyo ilinitia baridi ambayo si ya Bomet.

Mashine yangu nimeitoa kwa kiwanda cha chai tulikotembezwa mwaka jana. Unakumbuka ile mashine ndefu ya kukaushia? Majani yanaingia mabichi upande huu, yanatoka meusi upande ule. Nikajiuliza, mtu akiingia kwa upande wa kutokea je? Basi msichana wangu wa hadithi anaingia hapo, anatembea kinyume, na kila hatua chai inakuwa mbichi zaidi.

Anaenda siku aliyopewa jina. Hapo ndipo nimekwama. Wasichana wa bweni walikuwa wanamweleza Tabby jinsi kwetu mtoto akizaliwa wanawake wazee wanavyoita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na ugoro kidogo puani, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi ndani yake. Tabby akashangaa. Kwao mtoto anaitwa kwa mpangilio, bibi wa huku kisha bibi wa kule, hata kama bibi mwenyewe bado yuko jikoni anasonga ugali. Kila msichana akataja wake. Walipofika kwangu nikasema naenda chooni.

Mimi sijui wangu, Senge. Nikimuuliza Kogo anainuka kuchochea moto. Baba anasema, "Muulize Senge yako, alikuwepo." Na Kogo ana mambo yake nami. Ananiwekea vijiko vitatu vya sukari, na mimi situmii sukari. Nikivaa sare kurudi shuleni hanikubalii nipite ile kona ya barabara ya Kericho peke yangu. Lazima anifikishe, hata na fimbo.

Nilipiga chafya kwa jina la nani?

Mtoto wako mwenye aibu,
Chemutai


Fort Ternan
11 Machi 2025

Chemutai mtoto wangu,

Barua yako ilikaa kwenye sanduku la kanisa siku kumi, mpaka mzee wa kanisa akakumbuka kwamba mimi pia ni muumini. Nimefurahi kikohozi kimeisha. Huku jua limekausha mpaka miwa ya kule chini imenywea. Nashona sare tu, watoto wanakua haraka kuliko kitambaa. Nimekutumia sweta kwa yule mwalimu wenu anayetoka huku. Mikono ni mirefu makusudi, ukunje.

Hadithi yako ni nzuri. Hiyo ya mashine ya chai imenichekesha, nimeisomea wateja. Lakini kwa nini umpeleke nyuma? Nyuma kumeshatembelewa. Mpeleke mbele, mwaka wa elfu mbili na mia moja, aone kama barabara yetu imewekwa lami. Hiyo ndiyo sayansi.

Na kwenye ukurasa wa hadithi ulioniwekea ndani ya barua umeandika kwamba siku hiyo kulikuwa na mvua. Hakukuwa na mvua. Ilikuwa siku ya jua kali na nguo za mtoto zilikuwa zimeanikwa juu ya majani ya chai.

Kuhusu jina, jina ni jina. Wewe ni Janeffer kanisani na Chemutai nyumbani, hayo yanatosha kujaza cheti. Kunywa sukari ya Kogo, haijaua mtu.

Senge yako,
Bilhah


Bwenini, Bomet
Jumapili, 30 Machi 2025

Senge mpendwa,

Kongoi kwa sweta. Mikono nimeikunja mara mbili, na Tabby anasema naonekana kama mtu aliyeazimwa. Tuko wazima, ila maharagwe ya wiki hii yalikuwa na mawe. Ijumaa tunafunga. Natamani na siitamani likizo.

Nimebadilisha mvua ikawa jua, na nguo za mtoto nimezianika juu ya chai kama ulivyosema. Madam amechora mstari chini yake akaandika: "Hapa nimeamini." Senge, mtu anayekumbuka nguo zilianikwa wapi miaka kumi na sita iliyopita, anakumbuka na mengine.

Nimeandika mpaka ndani ya nyumba. Msichana wangu amesimama nyuma ya pazia. Wazee wameketi. Mama yake amechoka, yuko kitandani. Yuko mwanamke aliyeshika ugoro kwenye kiganja. Huyo kila nikimwandika hana uso. Nimemwandika mara nne. Nampa kitambaa cha kichwa, nampa bangili, uso unakataa. Na msichana wangu anamwona mtoto mchanga pale, ambaye ni yeye mwenyewe, na anajua sheria: akitoka nyuma ya pazia mmoja atatoweka. Kwa hiyo anasikiliza tu. Majina yanaitwa. Linapofika lile jina, mimi mwandishi sina la kuandika. Nimeacha mistari mitatu wazi.

Niandikie kabla ya likizo kuisha. Hata kwa ufupi.

Chemutai


Bwenini, Bomet
Jumapili, 4 Mei 2025

Senge Bilhah,

Salamu za nyumbani. Ndama anaendelea. Baba alikata ile miti ya kando ya mto. Hukuniandikia, labda mzee wa kanisa amesahau tena.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Usilisomee wateja.

Wiki ya pili ya likizo nilikuwa nachuma chai na Kogo, yeye ameketi kwenye gunia kule mwisho wa mstari kwa sababu ya mguu. Nilikuwa nimevaa sketi ya shule, zile zingine zilikuwa zimelowa. Kikapu kilipojaa nikageuka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeona gari lililochelewa likifika. Akasema, "Chepkemboi. Umerudi kwa njia gani?"

Nilidhani anamwita mtu nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na chai tu.

Akaniuliza, "Uliumia?" Halafu, "Walikupa chakula?" Na mimi, Senge, mimi ambaye siwezi kujibu hata swali la hesabu ninalolijua, nikajibu, "Sikuumia, mama."

Mama. Lilitoka lenyewe. Akalia polepole, akanipangusa vumbi begani.

Jioni nikamuuliza baba Chepkemboi ni nani. Alikuwa anakamua. Aliendelea kukamua mpaka ng'ombe akampiga teke kwa sababu hakuna kilichobaki. Ndipo akaniambia kwamba hukuwa dada yake wa pekee. Kwamba mlikuwa na mdogo wenu, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, na akapotea Januari ya elfu mbili na nane wakati wa vurugu za uchaguzi. Mtu mmoja alisema alimwona akipita ile kona akiwa amevaa sare ya shule, na Kogo alimkatalia mtu huyo, kwa sababu Chepkemboi alikuwa amemaliza shule. Hakuna mwili. Hakuna kaburi. Mimi nilizaliwa Septemba ya mwaka huohuo. Nilipopewa jina, Kogo akaacha kutafuta. Baba alisema, "Basi tukajua." Alipomaliza kusema hivyo akabeba ndoo tupu mpaka nyumbani kana kwamba imejaa.

Kwa hiyo ndiye yeye. Nina msichana aliyekufa vibaya ndani yangu, na amekuwa akinywa sukari yangu.

Lakini kuna kitu hakikai. Bibi ya msichana mmoja wa kidato cha nne ni mmoja wa wale wanaoita majina. Anasema hawaiti mtu ambaye hakuacha mtoto, wala mtu ambaye kifo chake hakikushuhudiwa. Kwa nini kwangu waliita? Siku hizi nikisikia chafya inakuja naibana pua mpaka machozi yatoke. Naogopa nitakayemwamsha.

Chemutai


Fort Ternan
27 Mei 2025

Chemutai,

Sisi wazima. Barua zako zote nimepata, mzee wa kanisa hana kosa.

Usimwite tena mama. Akikuita Chepkemboi mwambie wewe ni Chemutai, mtoto wa Kipngetich, mpe maji, mlaze. Na hiyo hadithi iache. Mwambie mwalimu akupe mada nyingine, kuna mazingira, kuna usalama barabarani.

Kitambaa kimeniisha, sina mengi.

Bilhah


Bwenini, Bomet
Jumapili, 6 Julai 2025

Senge,

Natumaini kitambaa kimepatikana. Mimi niko salama kwa mwili. Hisabati nimepata thelathini na nane, usimwambie baba.

Hadithi sikuiacha. Nisamehe. Kwenye vile vitabu kuna aina moja ya safari ninayoichukia kuliko zote: mtu anarudi nyuma kuzuia jambo, kumbe kurudi kwake ndiko kulikolisababisha. Nilikuwa nafikiri hilo ni jambo la vitabu tu.

Tulienda nyumbani likizo fupi ya Juni. Daktari amemwambia baba kwamba moyo wa Kogo umechoka, tusitegemee mwaka. Hatoki kitandani. Jumamosi alinishika mkono, na macho yake yalikuwa safi kabisa, akaniita lile jina. Akasema hivi, nimeandika nilipotoka ili nisiongeze neno:

"Nilikuita pamoja na wafu. Wazee walinikataza, nikawalazimisha, kwa sababu nilichoka kutojua. Nilitaka mtoto anijibu. Lakini kama ulikuwa bado unapumua mahali, basi ni mimi niliyekuzima kwa mdomo wangu. Sema umenisamehe nipumzike."

Senge, nilinyamaza. Si kwa ubaya. Ningesema ndiyo kwa mdomo wa nani? Kumwita "mama" lilikuwa kosa la ulimi. Hili lingekuwa wizi. Akaniachia mkono, akageukia ukuta. Tangu hapo baba anasema anauliza kila asubuhi kama Chepkemboi amejibu. Huo ndio mzigo ninaobeba mpaka darasani. Atakufa akingoja jibu, na anayengojwa ni mimi.

Niliporudi nikaandika tena ile nyumba, siku ya jua. Wazee, pazia, mtoto. Nikafika kwa yule mwanamke mwenye ugoro, na safari hii uso ukaja bila kuitwa. Ulikuwa wako.

Ni wewe ulishika ugoro, Senge? Kama nimekosea nitachoma karatasi zote na kuandika juu ya usalama barabarani. Kama sijakosea niambie, kwa sababu Kogo hana muda wa mzee wa kanisa.

Chemutai


Fort Ternan
21 Julai 2025

Chemutai mtoto wangu,

Nimempa hii yule mwalimu mkononi. Isome peke yako.

Ni mimi.

Januari ile nilikuwa na kibanda changu Sosiot. Kibanda cha pili yake kilikuwa cha Chege, fundi wa redio, kijana wa watu wa Nyandarua. Alizaliwa hapahapa, alisema Kipsigis kuliko pasta. Siku hizo haikumsaidia. Aliambiwa aondoke kabla ya jioni, na waliomwambia walikuwa watu waliokuwa na redio zao kwake. Chepkemboi aliingia kwangu saa sita mchana, akafunga mlango, akasema anaenda naye. Sikujua hata kwamba wanapendana. Mimi, mwenye ukuta mmoja nao!

Nilikuwa na sare ya shule mezani, haijapigwa pindo. Nikamvalisha ili njiani aonekane mtoto. Pindo nililipiga akiwa ameivaa, nikamchoma goti kwa sindano. Hakusema hata "ai". Aliniambia, "Bilhah, usiseme mpaka kutulie. Wakijua niko naye watakuja nyumbani." Wakapanda lori la mbao. Ni sare hiyo iliyoonekana kwenye kona.

Kulitulia. Sikusema. Kwanza niliogopa majirani, halafu niliogopa kaka zangu, halafu kunyamaza kwenyewe kukawa kumezeeka, na huwezi kukitoa kitu kizee bila kueleza kilikuwa wapi. Mama alienda kila kambi, kila chumba cha maiti. Alikuwa anarudi na viatu mkononi. Mimi ndiye niliyempashia maji ya miguu.

Ulipozaliwa, wazee waliita majina manne, ukatulia tuli. Mama akasema, mwite Chepkemboi. Wakakataa kwa sababu hizohizo alizosema bibi ya rafiki yako. Mama akaita mwenyewe. Na mimi nilikuwa na ugoro kiganjani. Ningeweza kufunga ngumi. Niliuleta puani kwako, mwingi kuliko kwa majina yote manne. Ulipiga chafya mara mbili. Mama akaenda kuwapikia watu chai. Hakutafuta tena.

Nilijiambia nimempa mapumziko. Kumbe nilimpa kaburi alibebe.

Sijamaliza. Chepkemboi alinipigia mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Alitaka kurudi kutusalimu. Nikamwambia uongo. Nikamwambia wazee wanasema mtu ambaye jina lake limeingia kwa mtoto hawezi kukutana na mtoto huyo, mmoja wao ataondoka. Hakuna mzee aliyesema hivyo. Nilitunga mimi, kwa sababu akirudi mama atauliza nani alijua. Aliamini. Alisema, "Basi mtoto abaki." Nilipoisoma barua yako ya kwanza, ile sheria ya vitabu, niliiweka chini nikatoka nje nikakaa na mbuzi.

Yuko Ol Kalou na Chege. Wana watoto watatu. Wa kike wa pili, kwa desturi yao, ana jina la mama yetu, Taprandich. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mimi siwezi kupiga. Kama unaweza, piga. Kama huwezi, nitakuelewa kuliko mtu yeyote.

Bilhah


Bwenini, Bomet
Jumapili, 31 Agosti 2025

Kwa Senge Bilhah,

Chamgei. Kogo bado yuko. Naanza na hilo ili usisome barua yote ukitetemeka. Yule ndama ameuzwa. Nimehamishwa kitanda, sasa mimi ndiye niko juu na Tabby chini.

Likizo ilipoanza nilipiga kwa simu ya baba, nyuma ya banda la kuku. Akasema "halo" nikakata. Mara tatu. Mara ya nne nikaandika ujumbe: "Mimi ndiye niliyepiga chafya. Kogo anaumwa. Ile ya kutokutana ilikuwa uongo, Senge amesema mwenyewe." Siku mbili kimya. Siku ya tatu likaja swali: "Njia ya kupita kwa kona bado ni ile?"

Nikamjibu ndiyo. Baba sikumwambia. Najua ni vibaya, lakini kila nilipofungua mdomo aliniuliza kama nina njaa.

Alikuja Alhamisi ya pili ya likizo, saa nne asubuhi, na msichana wa miaka kumi na miwili aliyebeba mkate. Nilikuwa langoni. Senge, nilijua ni uongo. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Lakini alipotokea kwenye kona nilishika nguzo ya lango kwa mikono miwili nikangoja mmoja wetu atoweke. Alikuwa na koti la kijani na mvi mbele hapa. Kwenye hadithi ni msafiri ndiye anayebaki kijana na kukuta wenzake wamezeeka. Huyu alikuwa amezeeka njiani, na niliyebaki kijana ni mimi. Naye alisimama mbali, kama mtu aliyefika kwenye kina cha maji asichokijua. Halafu akasema, "Kumbe una pua ya Kipngetich." Na, "Pole kwa ugoro."

Tulicheka. Sijui kwa nini tulicheka.

Baba alikuwa kwenye chai, majani yakimfika kiunoni. Alimwona akasimama. Hakutoka, hakuja, aliendelea kuchuma huku analia, anachuma na mashina, kikapu kizima kilikataliwa jioni kwenye kituo cha kununulia chai.

Sasa hapa ndipo pagumu. Tulimwingiza Chepkemboi kwa Kogo. Akapiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Mama, ni mimi." Kogo akamtazama kwa heshima, vile anavyowatazama wageni wa kanisa. Kisha akanitazama mimi niliye mlangoni na sketi yangu ya shule. "Chepkemboi," akaniambia, "huyu mama ametoka mbali. Mletee chai."

Niliona uso wa Chepkemboi ukifungika, Senge. Miaka kumi na saba, halafu anaambiwa aletewe chai na yeye mwenyewe.

Nikaleta. Kogo akachukua sukari kwa mkono wake, kwa sababu mgeni huwekewa na mwenye nyumba, akauliza, "Vingapi?" Chepkemboi akasema, "Vitatu." Kogo akamwekea, nusu inamwagika kwenye blanketi. Akasema, "Hata wangu huweka vitatu." Halafu akanigeukia, lile swali la kila siku: "Umenisamehe?"

Nilimtazama Chepkemboi. Alikuwa ameshika kikombe kwa viganja vyote viwili. Akasema polepole, akimwangalia mama yake, "Sikuzimika, mama. Nilikuwa mbali tu. Hakuna la kusamehe." Kogo bado alikuwa ananitazama mimi. Chepkemboi akatikisa kichwa kunipa ruhusa. Basi nikayarudia maneno yake, moja moja, kama tunavyorudia kiapo cha bendera. Sikuiba hata neno. Kogo akafunga macho, akasema, "Haya."

Yule msichana mdogo alikuwa amechoka kubeba mkate. Kogo akamuuliza anaitwa nani. Akajibu, "Taprandich."

Kogo akafungua jicho moja. "Nani amekuita hilo? Hilo ni langu, na mimi bado sijafa."

"Najua, Kogo," mtoto akasema. "Kwetu huwa hawangoji."

Kogo alicheka mpaka tukamwinua akae. Tangu siku hiyo mtoto ndiye anayemlisha. Hataki mwingine. Chepkemboi amebaki. Kogo anamwita "mgeni", na kila jioni anamwambia asiondoke kabla ya giza. Chepkemboi anasema ameshazoea. Mimi nimemsikia akioga akilia.

Nilimuuliza kama amekusamehe wewe. Alikuwa anasuuza vikombe. Alisuuza kimoja mara tatu. Akasema, "Yeye ana mdomo. Aje aliulize swali lake mwenyewe, asimtume mtoto tena."

Madam Moureen amesoma hadithi yangu. Anasema mashine imewaka, lakini kuna mtu nimemsahau: yule mwanamke mwenye ugoro bado amesimama katikati ya nyumba, kiganja wazi, na kila mtu ameshaondoka. Nikamwambia sikumsahau. Huyo siwezi kumwandikia.

Wako,
Chemutai


Fort Ternan
10 Septemba 2025

Chemutai mtoto wangu,

Natumaini uko mzima. Nimefunga kibanda. Sare tatu zimebaki bila pindo na mama mmoja amenikasirikia mpaka barabarani.

Barua hii nitaiposti nikifika Kericho, kisha niendelee nyumbani, kwa hiyo nitakuwa nimepita ile kona kabla haijakufikia. Siku utakayoisoma baba yako atakuwa ameshakuambia nilivyopokelewa, na kama mdogo wangu alinifungulia lango.

Wewe unayesoma unajua. Mimi ninayeandika bado sijui.

Senge yako,
Bilhah